Yah: Amri ya Kuninyima Nundu ya Harusi ya Roza

Ndugu Mganga Sedekia,
Zahanati ya kijijini kwetu, Usangu.

Salaam kwa heshima. Mimi ni Nkuba Magesa, yule mwenye ng'ombe wengi, uliyemfunga mpira mkononi siku ya mnada ukasema presha imepanda, moyo umechoka, nisile tena mafuta wala chumvi. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya watu waliokaa kwenye benchi. Sasa nalalamika kwa maandishi.

1. Moyo huu huujui. Mwaka ule simba aliponifukuza kutoka Chimala mpaka Igawa, simba ndiye aliyekaa chini kupumzika. Nikamsubiri. Asubuhi yake nilikuwa nimekunywa samli kibuyu kizima. Moyo wa namna hiyo uchoshwe na kipande cha nundu?

2. Nimechinja ng'ombe tangu wewe hujazaliwa, na sijaona moyo hata mmoja usiovikwa mafuta. Ni blanketi hilo, Mungu kaligawa mwenyewe. Wewe mtu wa Kilolo, unayeijua baridi, unataka wangu ulale uchi?

3. Chumvi. Ng'ombe wangu wanalamba udongo wa chumvi kila siku na hakuna aliyewahi kushika kifua. Lakini mke wangu Ng'washi amekuamini wewe. Mlenda anaupika bila chumvi, mpaka ulimi unauliza kama tumefiwa. Nikakimbilia dukani kwa Bipin, naye akafunika gunia la chumvi: "Mzee Nkuba, mama alishapita hapa. Rudi nyumbani, baba." Duka limejaa watu! Walicheka mpaka wakasahau sukari zao.

4. Hili ndilo kubwa. Jumamosi mpwa wangu Roza anaolewa. Kwetu fahali wa harusi akichinjwa, nundu ni ya mjomba, naye huila mbele ya wakwe, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, ndipo binti atolewe nje. Wakwe wanatoka Ipogolo, watu wa mjini, wana macho. Nisipokula watasema ukoo umekwisha meno. Roza atabaki ndani, watoto wake hawatazaliwa, na shamba la ujamaa litaota magugu kwa kukosa wa kulilima. Yote hayo kwa ajili ya mpira wako, ndugu!

Kwa hiyo naomba uifute amri hiyo kabla ya Jumamosi.

Nisalimie mama watoto, karani, na yule nesi mwenye sindano butu.

Ni mimi, mwenzako katika kulijenga taifa, nikiwa na nguvu zangu zote,
Nkuba Magesa

Baada ya sahihi: Jana mimi mwenyewe nilimkamata fahali pembe, nimwonyeshe Roza kwamba mjomba bado yupo. Kifua kikanibana, nikakaa chini kama yule simba. Roza akalia, akasema, "Mjomba, nundu na waile mbwa. Mimi nataka wewe unitoe." Basi amri usiifute. Iandike upya kwa herufi kubwa, upige na muhuri: NKUBA MAGESA AMEKATAZWA NUNDU NA SERIKALI. Nitawasomea wakwe mimi mwenyewe. Nikikataa kwa mdomo wangu, watasema nimezeeka. Lakini aliyekatazwa na serikali, huyo ni mtu mkubwa.