Nilivyofundisha Kanisa Hakimiliki

Watu wangu, leo nimejiaibisha kanisani, tena na maiki mkononi.

Kwaya yetu ya hapa Majimbo ilikuwa inazindua albamu. Mwalimu wa kwaya ni mume wangu Njeru, Baba Mukami, na ule wimbo mkuu ni yeye alitunga. Alituambia alipewa na Roho akiwa kwa maombi. Mwimbaji anasimulia mama yake aliyeuza ndizi mpaka yeye akasoma, kisha mama akaenda mbinguni. Kila mazoezi mimi nalia. (Mama mkwe wangu yuko hai na hajawahi kuuza hata ndizi moja. Nilidhani ni mambo ya kiroho. Msiniulize.)

Mimi ndio nilikuwa MC. Tulikuwa tumealika kwaya ya Muthara ituchangamshie watu kabla sisi hatujaimba. Wakapanda. Kinanda kikaanza. Ngai! Ni wimbo wetu! Neno kwa neno, mpaka ndizi!

Damu ikanipanda kichwani. Wimbo wa bwanangu, siku ya uzinduzi wake, mbele ya wageni wetu? Nikaruka jukwaani.

"Simamisheni kinanda! Huu ni wizi!"

Hapo ningenyamaza. Lakini wapi! Juzi nilisoma mambo ya hakimiliki kwa simu, nikaona leo ndio siku ya kuyatoa yote.

"Wimbo ukishauandika ama kuurekodi, ni wako! Hata kama hujausajili! Kusema ati ni wimbo wa Mungu si ruhusa! Unamtafuta mwenyewe, unamwomba, akikubali unataja jina lake!"

Makofi! Pasta akasema amina. Nikageuka niwaonyeshe watu Baba Mukami. Baba Mukami alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwalimu wa ile kwaya ya Muthara, mtu mpole anaitwa Mwenda, akaomba maiki.

"Asante mama, umefundisha vizuri sana. Huu wimbo nilimtungia mama yangu. Tuliuimba kwa mazishi yake." Akamwangalia mume wangu. "Mwalimu, si ulikuja? Si wewe uliniomba nirudie ubeti wa pili ndio urekodi vizuri?"

Woi! Woooi! Nikatafuta kiti, kiti hakuna, nikakalia spika.

Na kama hiyo haitoshi, mama mkwe akasimama pale mbele. "Njeru, kwani mimi nilikufa lini?"

Kanisa likaangua kicheko. Mpiga kinanda akalalia kinanda chake, kikalia piiii.

Mwenda hakucheka. Alisema kuimba wimbo wake si shida, shida ni mama yake kuimbwa kama mama wa mtu mwingine. Hapo nilisikia aibu ya kweli. Baba Mukami akapanda akaomba msamaha. Pasta akasema hakuna albamu itauzwa mpaka Mwenda akubali kwa maandishi, na jina lake liwe juu. Sare mpya tumevaa, keki imekatwa, albamu zimerudi kwa katoni!

Sasa tuko nyumbani. Niko jikoni, sijamwongelesha tangu tufike. Amekuja mlangoni pole pole akasema ametunga wimbo wa kuniomba msamaha.

Nimemuuliza mwenye huo wimbo anakaa wapi, tumpigie simu tuombe ruhusa.