Mate Ndani ya Asali ya Mama Mkwe

Jumanne, 5 Machi 2024. Mawingu, manyunyu tangu alfajiri.

Asali imepungua tena! Chupa niliyoletewa na shangazi kutoka kijijini Wamaza, niliyomwekea mama yake Musafiri, mchumba wangu. Mama huyo anakuja hapa Kasongo Ijumaa kunitazama. Hanywi chai bila asali, na asiporidhika hakuna ndoa.

Mwizi ni mdogo wangu Arlette. Tunaishi wawili tu. Nimemuuliza. Eti asali inamwasha koo. Uongo! Nitamshika kwa ushahidi. Bure nafanya kazi maabara?

Nimeonja kijiko, kama kila jioni, nione kama ameongeza maji. Hajaongeza. Mjanja.

Jumatano, 6 Machi. Jua kali.

Nimechanganya asali na uji wa wanga, nikatia iyodi, dawa inayogeuza wanga kuwa buluu. Mate ya mtu yana amilasi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Yakiwemo, rangi ya buluu haitokei. Haikutokea! Nimecheza peke yangu. Kisha nikakumbuka: nyuki nao huacha amilasi yao ndani ya asali. Nyuki wamemtetea mwizi!

Lakini maabara kuna kipimo kimoja kilichobaki baada ya mafunzo. Kina kingamwili kinachoshika amilasi ya mtu tu. Ya nyuki kinaiacha ipite. Nimekiazima.

Nimeonja. Bado hakuna maji.

Ijumaa, 8 Machi. Mvua kubwa, gwaride la Siku ya Wanawake limechelewa.

Mama Musafiri amefika, kitenge kipya, uso mzuri. Nikaona afadhali ajue kwetu tunachukia wizi. Nimepima asali mbele yake. Mstari wa pili ukatokea. Mate ya mtu! Nikamnyooshea Arlette kidole.

Arlette akauliza jina lake limeandikwa wapi hapo. "Yaya, dada yangu mukubwa, mu hii nyumba nani si mutu?"

Akamwambia mgeni kwamba kila jioni mimi nalamba kijiko na kukirudisha chupani. Nikaeleza kwamba huo ni ukaguzi, si kula. Mama akasukuma kikombe taratibu. Akasema chai kavu, bila asali, inamtosha, na maneno ya ndoa yangoje mavuno ya mpunga.

Nimewaza sana. Kosa nimeliona. Arlette alijuaje habari ya kijiko? Alikuwa anachungulia! Na nani huchungulia kama si mwizi?

Nimemwomba shangazi chupa nyingine. Hiyo nitailinda vizuri zaidi: nitaonja asubuhi na jioni.

Nimeonja ya leo. Haina maji. Chupa imekwisha. Arlette huyu!

Nakwenda kulala, saa sita kasoro robo.