Dakika Tatu za Kushuka Ngazi

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wetu wa kinga ya moto ametoa kazi. Kila mwanafunzi achague jengo, apige kengele, na watu wote wawe nje ndani ya dakika tatu. Ijumaa atakuja kukagua mwenyewe. Atakayeshinda atakwenda kujifunza kazi kituo cha zimamoto. Nafasi ni moja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya tunasoma darasa moja, kachagua ghala la magodoro. Mimi nimechagua jengo letu hili tunaloishi, ghorofa nne. Majirani wananipenda. Nafasi nishaipata, bado kutangazwa tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga kengele saa kumi alasiri. Fundi saa wa ghorofa ya pili akachungulia, akauliza moto uko wapi. Nikamwambia aufikirie tu. Akasema ana saa sita za watu mezani, hana nafasi ya kufikiria. Nesi mstaafu wa ghorofa ya tatu alikuwa anafua; akasema moto usubiri asuuze. Dakika kumi na moja, watu wanne. Mmoja alikuwa anakwenda dukani. Mke wangu anasema ndugu yake amewatoa wapagazi wote kwa dakika mbili na nusu. Sikumuuliza.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni mali. Nimepita mlango kwa mlango, nikamnong'oneza kila mtu peke yake kwamba kengele ikilia, nitamtaja uani aliyeiba balbu ya ngazini. Wiki tatu sasa tunapanda gizani tukipapasa ukuta, na kila mtu ana wake anayemshuku. Dakika mbili na sekunde kumi! Fundi saa kashuka na kiatu kimoja. Nesi ana povu mpaka viwikoni.

Kisha wakasimama, wananitazama. Hapo sikuwa nimepafikiria. Nikaanza kusema uchunguzi bado unaendelea. Mke wangu, nyuma kabisa, akauliza kwa nia ya kusaidia tu:

"Baba watoto, si ile balbu unayosomea?"

Nilieleza kuwa niliiazima. Nilieleza kuwa nilikuwa nasoma sura ya mwanga wa ngazini wakati wa dharura. Maelezo hayakusaidia.

Alhamisi, 6 Machi

Balbu nimerudisha. Salamu yangu haiitikiwi. Kesho hawatatoka hata nikipiga baragumu. Lakini dawa nimeipata: maboksi mabichi ndani ya ndoo ya bati, mlangoni kwangu ghorofa ya nne. Moto kidogo, moshi mwingi. Moshi hauna ubishi.

Ijumaa, 7 Machi

Moshi ulizidi makadirio. Nesi ndiye aliyewashusha watu. Vitambaa vya maji puani, milango imefungwa nyuma yao, hakuna aliyekimbia, hakuna aliyebeba kitu. Dakika mbili na sekunde arobaini. Yote niliyowahubiria ngazini mwaka mzima, kumbe walikuwa wanasikia. Uani akawahesabu. Akapungua mmoja.

Mmoja huyo ni mimi. Nilirudi ndani kuchukua daftari langu la mahesabu ya kazi hii, nikaukosa mlango. Nilikuwa chini ya meza, nakohoa na kutubu, ndipo mkono ukanishika kola. Shemeji. Alikuja kutazama tu. Alinishusha kanishika kiunoni, akinihesabia ngazi kama mtoto. Afadhali angenicheka. Mke wangu akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama sana, kisha akaniambia nikanawe.

Mwalimu alimwomba nesi ajiunge na darasa. Nafasi ya zimamoto kapewa shemeji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwandikia mwalimu kwamba jana niliigiza majeruhi, kazi ngumu kuliko zote, na nastahili alama zake. Hajajibu. Jumatatu kuna mtihani wa kuzima moto kwa mtungi. Shemeji na nesi walitaka kufanya mazoezi leo. Hawatafanya. Chuo kizima kina mtungi mmoja tu, nami nimeutia kabatini, nikafunga, ufunguo uko mfukoni mwangu. Moto ukitokea, waniulize mimi.