Pete Tumboni mwa Bwana Mkubwa

Siku ambayo mbwa wa Mama Magodoro alijamba hadi wateja wote wakatoka dukani, Profesa alikuwa mlangoni anajifanya kubonyeza godoro. Profesa hajapata kumfundisha mtu chochote. Kazi yake ni mdomo, na mwezi huo aliuhitaji kuliko kawaida: mwanamke fundi cherehani ambaye Profesa alimpenda kufa alikuwa amemwambia wazi kwamba mwezi ukiisha hajaleta pete ya dhahabu, asije tena.

Na pete ya dhahabu ilikuwa hii hapa, nene, kidoleni mwa Mama Magodoro.

"Mama, usimlaumu mnyama," akasema kwa huruma. "Tumboni kuna vijidudu wema na wabaya. Humu wabaya wamepindua serikali."

"Kwa mbwa?"

"Na kwako. Mbwa na mwenye mbwa vijidudu wao ni ndugu. Juzi hukuvimbiwa?"

Nani hakuvimbiwa juzi? Mama akajishika tumbo.

Profesa akatoa kopo la unga mweupe, ambao asubuhi ile ulikuwa bado wanga wa kupigia pasi. Akataja masharti: mbwa na mwenyewe wale sahani moja wiki mbili, maboga ya kuchemsha na nyama isiyo na mafuta, ili vijidudu wazoeane. Malipo, pete tu.

Mama akaitazama pete, akamtazama mbwa wake, Bwana Mkubwa. "Rudi kesho, mwanangu."

Kesho yake kidole kilikuwa kitupu na mama analia. "Ameimeza. Niliiweka mezani, nikageuka kidogo tu. Nami nasafiri leo, binti yangu amejifungua. Mchukue ukamtibu, baba. Kitakachotoka ni chako."

Profesa nusura ambusu mbwa.

Nyama alinunua kwa mfuko wake. Bwana Mkubwa, aliyezoea kula na watu, hakugusa boga mpaka Profesa naye atie mkono sahanini. Na kila asubuhi wapangaji wenzake walimkuta uani amechuchumaa, ameshika uma mkuukuu.

"Profesa, unatafuta nini humo?"

"Ni utafiti, dada."

Siku ya tatu kilitoka kifungo. Siku ya saba ilitoka soksi, tena yake mwenyewe. Pete, hola. Lakini manyoya ya mbwa yalianza kung'aa, ushuzi ukakoma, na kiungulia kilichomtesa Profesa miaka sita kikamwacha. Yeye hakuona lolote kati ya hayo. Macho yake yalikuwa kwenye uma.

Wiki mbili zilipotimia, Mama Magodoro akabisha hodi. Pete ilikuwa kidoleni.

"Kumbe niliisahau kwenye kisahani cha sabuni," akasema, akimpapasa mbwa. "Mungu akuzidishie. Wale wa mjini wanaotunza mbwa wa wasafiri wanataka pesa ya kununulia gari. Nawe umenawiri, mwanangu. Nikienda tena kumwona mjukuu nitakuletea huyu tena."

Bwana Mkubwa akaondoka bila hata kugeuka nyuma.

Profesa alibaki mlangoni, moyo unamuuma kwelikweli. Mwezi ulikuwa unaisha kesho, na fundi cherehani si mtu wa kusema mara mbili. Pete ameiona kwa macho yake mawili, kidoleni mwa mwenyewe, ikitoka nje ya geti.

Hata hivyo akachukua uma, akaenda uani. Kulikuwa na rundo la asubuhi ambalo hakuwahi kulipekua.