Kopo la Maziwa na Vifungo Ishirini na Viwili

Jumatatu, 6 Mei

Karani wa posta kaniita mbele ya foleni nzima. Akasema kifurushi changu cha wiki iliyopita kilisafiri na abiria. Sisimizi! Kumbe kopo la sukari linahitaji kuoshwa kwanza. Nikamwambia sisimizi hawali saa. Akanitazama juu ya miwani, akasema mteja alipiga kelele zikasikika mpaka chumba cha nyuma.

Sikati tamaa. Marehemu mjomba kaniachia saa za mezani thelathini na moja, zote za kuamsha. Naziuza mtandaoni na kuzituma kwa posta, na kila moja inahitaji cha kuifungia. Ninunue maboksi ya nini wakati nyumba imejaa makopo? Jirani wa ghorofa ya juu, ninayemwita Bwana Maboksi, anauza miwani ya kusomea kwa posta. Maboksi yake yana jina lake kwa rangi ya dhahabu. Na utepe! Leo tulikutana kwenye ngazi, akalitazama debe langu la biskuti, akauliza kama naenda kumwona mgonjwa. Mjuaji yule.

Jumanne, 7 Mei

Oda! Jina la kike nisilolijua, Sanduku la Posta 118, hapa hapa mjini. Anataka ile saa ya kijani, inayokohoa mara mbili kabla ya kulia.

Nikahaha nyumba nzima kutafuta kopo la kuitosha. Nikalipata kwenye rafu ya mke wangu, juu ya cherehani: kopo la maziwa ya unga, safi, na pamba tayari imo ndani! Nilikaribia kucheza. Saa juu ya pamba, gazeti juu ya saa, kifuniko, selotepu pande zote. Lilikuwa zito kidogo. Siku hizi wanatengeneza makopo imara.

Saa nne nilikuwa posta. Karani alilinusa kwanza, ndipo akagonga muhuri.

Jumatano, 8 Mei

Balaa!

Mke wangu ni fundi cherehani. Miaka kumi kazi yake imekuwa kupunguza suruali za watu. Sasa kapata gauni la harusi, la kwanza maishani, na bibi harusi anakuja kulichukua Jumamosi asubuhi. Vifungo vya mgongoni ni ishirini na viwili. Kila kimoja alikivika kitambaa cha hariri cha gauni kwa mkono, siku tatu nzima, vidole vikajaa matundu ya sindano. Kitambaa chenyewe kimekwisha madukani. Na vifungo alivihifadhi chini ya pamba, ndani ya kopo la maziwa.

Nyumba hii! Chumvi inakaa kwenye chupa ya kahawa, kahawa kwenye debe la majani ya chai, majani ya chai sijui wapi. Nimeishi humu miaka kumi na mmoja na bado naamini maandishi ya kwenye kopo.

Akaniuliza kama nimeliona. Nikasema kopo gani. Kisha nikalitafuta kwa bidii kuliko yeye, mpaka chini ya kitanda, mpaka nikapiga chafya. Yeye akakaa kwenye kiti chake cha kushonea, mikono mapajani. Nilijisikia vibaya. Vibaya kweli. Nilikaribia kusema. Nikasema naenda kuchemsha maji ya chai.

Alhamisi, 9 Mei

Posta kabla hawajafungua. Karani akasema kifurushi kimeshachukuliwa jana jioni. Nikauliza sanduku 118 ni la nani. Akasema hiyo ni siri ya posta. Nikamwambia ndoa yangu iko hatarini. Akasema ndoa haziko chini ya idara yake.

Nikasimama mbele ya sanduku 118 nikijifanya nasoma tangazo la stempu. Saa tano nzima. Mlinzi akaja kuuliza kama najisikia vizuri.

Jioni mpango wa pili. Nimekata vifungo vya shati langu na kuvivika leso nyeupe. Vimetokea kama maharage yaliyolowekwa. Nikavitia mfukoni kabla mke wangu hajaviona. Hakula chakula cha jioni. Mimi nilikula, lakini bila raha.

Ijumaa, 10 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimelala chali nikitunga uongo mpya. Juu ya dari kitu kikakohoa. Kikakohoa tena. Kikalia!

Ngazi nilizipanda peku. Bwana Maboksi kafungua mlango amevaa pajama, saa ya kijani mkononi. Sanduku 118 ni la mama mkwe wake! Kainunua saa kwa jina la huyo mama ili achunguze ninavyofunga mizigo, maana wateja wake wawili wameacha miwani yake wakanunua saa kwangu. Mezani kopo lilikuwa limepimwa kwa rula, na vifungo vimepangwa kwenye sahani.

Alionekana hajalala. Akasema, jirani, niambie ukweli, mtu anayefunga kwa kopo la maziwa anawezaje kutoa zawadi ya hariri? Hapo nikaelewa. Alidhani vifungo ni zawadi kwa mteja! Nikakaza uso, nikasema hivyo vilikuwa vya mteja mwingine. Akakataa kuvirudisha bure. Tukavutana. Mwisho nikampa makopo yangu yote kumi na manne, na siri ya sisimizi nikaibakiza moyoni.

Nikavihesabu ngazini. Ishirini na kimoja! Nikarudi. Kimoja alikipasua ili aone ndani kuna nini.

Mke wangu nilimweleza ukweli wote, isipokuwa sehemu zinazonihusu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua tangu Jumatano, kwa sababu kopo na saa ya kijani vilitoweka siku moja. Alikuwa anasubiri tu aone nitachukua siku ngapi kulisema. Nikamshikia taa akishona.

Jumamosi, 11 Mei

Bibi harusi kalivaa, kageuka mbele ya kioo, kalia kwa furaha. Tundu la kifungo cha chini kabisa limefichwa chini ya fundo la utepe. Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na mke wangu alinitazama mara moja tu. Gauni limependwa mpaka shangazi wa bibi harusi kaagiza la kwake hapo hapo, lenye shanga kifuani.

Wageni walipoondoka, mke wangu akaniapisha. Nisiguse tena chombo chochote cha humu ndani chenye kifuniko. Nimeapa kwa moyo wote. Mimi si mtu wa kurudia kosa.

Jumatatu, 13 Mei

Ajabu! Kumbe Bwana Maboksi, kabla sijapanda kwake, alikuwa ameshaandika maoni mtandaoni kwa jina la mama mkwe: saa nzuri, na zawadi ya vifungo vya hariri, sijawahi kuona muuzaji mkarimu hivi. Leo nimepata oda tisa. Zote zinauliza zawadi ni nini.

Wateja hawataki boksi. Wanataka zawadi! Mbona sikuliona hili mapema?

Nimezunguka nyumba. Kiapo nimekiheshimu, sijagusa kopo hata moja. Lakini mke wangu ana droo chini ya cherehani. Ndani kuna kifurushi cha karatasi, shanga nyeupe zinazong'aa, nyingi mno kwa mtu mmoja. Karatasi imeandikwa "Shangazi". Nimeifikiria sana droo ile, kwa haki kabisa. Haina kifuniko.