Ulimi Wangu na Meli ya Sukari

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo siku! Nimefagia ukumbi wa maabara ya bandari mara mbili bila kujua, kwa furaha. Kuna tangazo ubaoni. Wanatafuta mpima utamu wa sukari. Mpima utamu! Miaka kumi na moja nashika ufagio hapa na kazi yangu ilikuwa inanisubiri mlango wa tatu kushoto. Mpima anapewa koti jeupe lenye mifuko miwili. Usaili Ijumaa.

Na Jumatano inaingia meli. Sukari ghafi, ile ya rangi ya udongo ambayo haijasafishwa, tani elfu ishirini. Imetoka ng'ambo, inakwenda kiwandani kusafishwa. Wanasema bei yake haitulii mpaka utamu upimwe. Ukizidi, muuzaji anaongezwa. Ukipungua, anakatwa. Yaani wakubwa wa nchi mbili wamekaa wanasubiri ulimi wa mtu mmoja. Kwa nini usiwe wangu?

Tatizo ni wifi. Mdogo wake mume wangu. Anaosha mirija ya vioo humo maabara, na yeye kaomba. Mtu mwenyewe haongei! Siku nzima maneno sita. Kaniuliza kama nimelisoma tangazo lote. Nikamwambia mstari wa juu unatosha, wifi yangu, huko chini ni mapambo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mazoezi yameanza. Pilipili marufuku. Vitunguu marufuku. Baba watoto kaonja chakula akauliza nani kafa.

Binti yangu kanifunga kitambaa machoni, akanilisha vijiko saba. Nitaje sukari ya duka gani. Nimepata kimoja! Cha nne nilisema ni sukari changa, iliyovunwa mapema. Ilikuwa unga. Lakini unga wenyewe ulikuwa na utamu kwa mbali, mnisamehe.

Mama Chai wa kantini kanipa siri. Binamu yake ni mwimbaji. Kabla ya kuimba anasukutua kwa maji ya chumvi, koo linafunguka. Nikafikiri: kama koo linafunguka, ulimi je? Si majirani hao?

Jumatano, tarehe 5 Machi

Imefika! Meli ndefu, ukiitazama mwanzo unasahau mwisho. Wamefungua matumbo yake manne na harufu ikatoka, nzito, kama sufuria ya asali iliyosahaulika jikoni. Kreni inachota, inamwaga kwenye malori. Makuli mpaka kope zinanata.

Saa nne nimeingia msalani na chupa yangu. Maji ya chumvi, kikombe kimoja na nusu. Nimesukutua mpaka machozi. Ulimi ukawaka! Nikasema sasa uko macho huu. Nikatoka mbio na ufagio hadi gatini, nikajifanya nazoa iliyomwagika. Nikachota kidole kimoja. Nikaweka ulimini.

Chumvi!

Mungu wangu, chumvi tupu! Nikaonja tena. Chumvi! Bahari imeingia ndani ya meli! Wasomi wote wale na mashine zao, hakuna aliyejua. Nimejua mimi, mfagiaji!

Furaha ilinijaa, nusura nipige vigelegele. Ila nimejizuia. Jambo la namna hii si la kutangaza ovyo. Nimemwambia Mama Chai peke yake. Nikamwapisha. Halafu dereva wa kreni, kwa sababu ni rika la kaka yangu. Na mlinzi wa geti, kwa sababu aliniuliza mbona natabasamu. Basi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja, na leo limekuja na ndugu zake.

Saa mbili wanasema maji yameingia kidogo. Saa nne meli ina tundu. Saa sita tundu anapita mtu. Saa nane kuli mmoja ananiapia mimi mwenyewe kwamba tumbo la tatu limegeuka sharubati na samaki wamo wanaogelea wamenenepa. Nikamwambia na mimi nilihisi hivyo.

Habari ikamfika Bwana Tai. Huyu ndiye mwakilishi wa mnunuzi, hata jua likiwaka vipi tai haivui. Kasimamisha upakuaji! Kreni kimya, kijiko kinaning'inia hewani. Malori foleni mpaka nje ya geti. Kapteni kashuka kwa ngazi anatoa moshi puani. Anamwambia Bwana Tai sukari yake kavu kama mchanga wa jangwani. Bwana Tai anamjibu hapokei hata punje, shehena yote irudi ilikotoka. Kapteni anasema akirudisha yeye hana kazi. Tani elfu ishirini zimesimama kwa ulimi wangu! Kwetu hakuna aliyewahi kusimamisha hata baiskeli.

Wifi kanivuta pembeni. Leo kaongea maneno zaidi ya sita. Ati nikamwambie Mkuu wa Maabara mwenyewe, kwamba neno limetoka kwangu, kabla hawajanitafuta, la sivyo nitapoteza kazi na mambo ya watu yataharibika. Nikamjibu wivu haujawahi kumpendeza mtu, wifi. Kesho usaili, nikajitaje leo? Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata itoke kesho, mbele ya watu!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Wamekuja wakaguzi wawili, wa muuzaji na wa mnunuzi, hawasalimiani. Kila mmoja na kichupa chake cha dawa. Wanachota sukari, wanaiyeyusha kwenye maji safi, wanatia matone. Kama kuna maji ya bahari, yale maji yanageuka meupe kama maziwa. Kama hakuna, yanabaki yalivyo.

Bandari nzima imezunguka meza. Mimi mbele kabisa, kilemba kipya.

Tumbo la kwanza. Matone. Hakuna kitu. La pili. Hakuna kitu. La tatu, lile la samaki! Maji yametulia kama macho ya mtoto aliyeshiba. La nne, hivyo hivyo. Kapteni kakaa chini kwenye gunia akajifuta uso.

Mkaguzi mkubwa kauliza nani kaanzisha maneno haya. Bwana Tai kamwonyesha mlinzi. Mlinzi kamwonyesha dereva wa kreni. Dereva kamwonyesha Mama Chai. Mama Chai kaninyooshea upawa, na kiapo kile chote!

Nikasimama wima. Nikasema ni mimi, na vichupa vyenu vina kasoro, ulimi huu umefanya mazoezi. Mkaguzi kaniuliza kwa upole, kabla ya kuonja, mama, ulikuwa umekula nini? Nikamjibu sili kabla ya kazi nyeti. Nilisukutua chumvi tu, kikombe kimoja na nusu.

Hapo dereva wa kreni akaanza. Akacheka mpaka akashikilia nguzo. Makuli wakadaka. Hata wakaguzi wale wasiosalimiana wameshikana mabega! Nikacheka na mimi, si vizuri kubaki nje. Wifi ndiye aliyeninong'oneza kilichochekesha. Nikamwambia chumvi ilipita kooni na sukari ilikuwa ulimini, hizo njia mbili tofauti, asinichanganye.

Kreni ikaanza kuchota tena. Na usaili upo pale pale! Mkuu wa Maabara kaniuliza nitapimaje utamu. Nikatoa ulimi. Akautazama kwa muda. Akanionyesha mashine: mrija wa kioo, maji ya sukari ndani, mwanga unapita, namba inatokea. Tisini na saba na nusu. Ndiyo utamu huo! Kasema humu haonji mtu, mama, na tangazo lilisema hivyo mstari wa pili.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wifi kapata. Mkuu kasema mimi kwa haki ilikuwa nirudi nyumbani kabisa. Meli imechelewa siku nzima kwa ajili yangu, na Kapteni alitaka jina langu liandikwe mahali. Lakini wifi, yule bubu, kasimama mbele ya wakubwa akaongea robo saa! Kasema nina miaka kumi na moja na hakuna siku ukumbi ule ulikuwa na vumbi. Kasema kama ni lazima mtu aondoke, achukuliwe yeye na koti lake. Mama Chai kasikia mlangoni, kanisimulia yote.

Basi nimehamishiwa ghala la ngano, mwisho wa bandari. Sharti moja: nisiseme neno lolote kuhusu mzigo wowote. Nimeapa.

Jioni wifi kaja kwetu na koti. Baba watoto kamkaribisha kiti kizuri. Nimemkumbatia nikalia kidogo. Kisha nikamwambia ukweli, mikono ya koti mirefu kumzidi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ghala ni zuri! Kubwa, lina mwangwi, ukiongea unajijibu.

Nimewahi. Asubuhi jiko lilinisumbua, mafuta ya taa yakanimwagikia mikononi, na sabuni ilikuwa imekwisha. Nikafuta kwenye kanga, nikatoka. Kufika tu, ili nimjue mgeni wangu, nikachota ngano konzi moja, nikainusa.

Mafuta ya taa!

Nikanusa rundo la pili. Mafuta! La tatu. Mafuta! Ngano yote! Meli iliyoileta iliibeba juu ya mapipa yanayovuja, na hakuna aliyejua! Kumbe kosa letu lilikuwa ulimi. Mimi ni mtu wa pua!

Kiapo nakikumbuka. Nimemwambia mtu mmoja tu, dereva wa foklifti, kijana msiri, hata jina lake halitaji. Nimemwapisha mara mbili.

Sasa hivi nimemwona anakimbilia ofisini. Na foklifti zimezima, moja baada ya nyingine. Mtu anapiga filimbi. Wanakuja wengi! Ngoja nijifute uso kwa mkono, niwapokee.