Baridi ya Bure ya Mlima Meru

Jumatano, 16 Julai

Leo nilikuwa Usa River. Kuna lodge pale inatafuta mtu wa kuwapelekea mboga mwaka mzima. Meneja, dada Jackline, alituita wawili: mimi na Fransiska, mfanyabiashara wa Kirombo ambaye hajawahi kunishinda kwa haki. Jackline akasema wageni siku hizi hawaulizi tu kama saladi ni mbichi. Wanauliza imefikaje mezani, na imemwaga hewa ukaa kiasi gani njiani. Kwa hiyo Jumapili saa sita mchana kila mmoja alete mzigo wa majaribio. Mboga ziwe baridi, dizeli iwe kidogo. Atakayechafua hewa kidogo ndiye mshindi.

Nilitabasamu waziwazi. Fransiska hana hata toroli! Mimi nina kenta, lori dogo lenye friji. Tatizo dogo: friji ina injini yake, na injini hiyo inakunywa dizeli kama mlevi wa mbege. Nikipita Tengeru watu wanaanua nguo.

Nyumbani Vaileth, mke wangu, alirudia neno lake. Gari lisipopata kazi ya kudumu mwezi huu, linauzwa, nami narudi dukani kwa kaka yake kupima misumari. Nimeshawahi kupima misumari. Sirudi!

Alhamisi, 17 Julai

Nimegundua! Kwetu Akheri ni juu, Usa River ni chini. Kwa nini nichome dizeli kwenda mahali ambapo gari lingefika lenyewe?

Nikafanya jaribio. Nilizima friji. Nikazima na injini. Nikaachia gari literemke. Raha iliyoje! Hakuna moshi, hakuna kelele, nasikia mpaka ndege. Kisha ikaja kona. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba injini ikizimwa usukani unakuwa mgumu na breki zinagoma.

Niliingia shambani kwa mzee Aminieli, mzee wa kanisa letu, nikalaza migomba yake yote ya mbele. Shikamoo niliitolea dirishani, majani yakiwa kichwani. Akaitikia marahaba. Akaitazama migomba, akanitazama mimi. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba Jumapili ni sikukuu ya mavuno, na kwamba jina langu halijasikika kwenye sadaka ya mavuno tangu nipate kipaimara. Kwa aibu nikamwahidi safari hii nitaleta kitu ambacho usharika haujawahi kukiona.

Nilikuwa nawaza jogoo. Jogoo mwenyewe ni wa Vaileth.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi nilikwenda kuondoa migomba niliyoiangusha. Nikiwa nimebeba mzigo wa majani, yamelowa umande, yameniganda mgongoni kama barafu, akili ikafunguka. Majani ya mgomba! Na huu mwezi wa saba! Mlima wote huu ni friji, na hauli dizeli!

Mpango ni huu. Napakia mboga Jumamosi jioni. Nazifunika kwa majani. Nalaza gari mahali pa juu, milango wazi, baridi iingie bure. Jumapili nateremka nazo, safari hii injini ikiwa imewashwa. Mahali pa juu penye uwanja ni pamoja tu: kanisani kwetu.

Nikampigia mzee Aminieli kuomba kulaza gari uwanjani, nikamweleza kwamba limejaa mboga. Nikamsikia anapenga kamasi. Akasema Mungu anibariki, mimi na uzao wangu. Sikujua kama mzee yule anajali mazingira kiasi hicho.

Jioni Fransiska alipita kunipeleleza. Nilimweleza kila kitu kwa makusudi, aumie. Akauliza ni kanisa lipi. Nikamtajia. Alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Ai, kaka Fanuel! Mungu akutunze hivyohivyo."

Wivu ni ugonjwa mbaya.

Jumamosi, 19 Julai

Mzigo umepatikana. Karoti, brokoli, saladi, hoho, maharage machanga, vyote vya hapahapa Akheri. Akiba yetu yote imeingia humo, Vaileth hajui. Kreti nimezipanga vizuri, nimezivika majani mabichi ya mgomba, nimening'iniza na kipimajoto. Mzigo umependeza. Mlinzi wa kanisa alipouona alivua kofia.

Nalala kwenye gari. Kukipambazuka, ushindi ni wangu.

Jumapili, 20 Julai

Sina hamu ya kuandika, lakini niandike.

Alfajiri baridi ilinizidi. Mboga zilikuwa safi, mimi nilikuwa maiti. Nikakimbia nyumbani kunywa uji. Vaileth alikuwa ameshatangulia kwenye kwaya. Usingizi ukanipitia mezani. Niliporudi, ibada ilikuwa katikati na gari langu lilikuwa tupu.

Nikaingia kanisani kupiga kelele za mwizi. Kreti zangu zote zilikuwa mbele ya madhabahu! Zimepangwa kwa safu, majani yake, kipimajoto chake. Mzee Aminieli alikuwa amesimama kando yake, anafuta machozi. Akaniona mlangoni. Akatangaza kwamba huyu ndiye Fanuel, baba yake Brenda, aliyeahidi na akatimiza, na hata kupamba akapamba. Vigelegele! Kwaya ikasimama. Vaileth alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu siku ya harusi.

Nilipunga mkono.

Baada ya ibada ukafika mnada wa mavuno, nje, kama kawaida. Nikajipa moyo: nitazinunua tena. Nikataja bei. Watu wakashangilia, kwamba huyu ametoa na bado ananunua! Kisha nyuma ya umati sauti ya kike ikapandisha bei. Fransiska! Misa yake alishasali asubuhi na mapema. Kumbe kila sikukuu ya mavuno, iwe ya Walutheri iwe ya Wakatoliki, yeye yupo mnadani. Nikapandisha, akapandisha. Mfuko wangu ukafika mwisho kabla ya wake. Mboga zote zikawa zake.

Kisha akaniuliza kwa adabu kama gari langu lina nafasi ya kuelekea Usa River.

Nilimwendesha. Jackline alipima mboga, akakuta zina baridi safi. Akauliza dizeli. Kidogo sana. Akamsifu Fransiska kwa kununua karibu na shamba, kutumia ubaridi wa asili na kutafuta gari ambalo lingekaa bure. Kazi ikawa ya Fransiska. Mimi, niliyefika bila mzigo wangu, nikaulizwa kama dereva atakunywa chai.

Nilitaka kulia. Nikalia kidogo, nyuma ya kenta. Fransiska alinifuata huko, akasema mboga zinahitaji gari mwaka mzima, nami ndiye nitakayezibeba. Gari haliuzwi. Misumari imeniepuka. Lakini amri zote ni zake, na ya kwanza ni kwamba nisilaze mzigo wake mahali popote.

Jumatatu, 21 Julai

Nimefikiri kwa utulivu. Mpango wangu haukuwa na kasoro hata moja. Mboga zilikuwa baridi? Zilikuwa. Dizeli ilikuwa kidogo? Kidogo mno. Kosa lilikuwa moja tu: kanisa ambako watu wananifahamu na nimewahi kuwaahidi kitu.

Jumapili ijayo nabeba mzigo wa kwanza wa Fransiska. Nikiufikisha kwa dizeli kidogo kuliko ile, Jackline atajua fundi ni nani. Kuna parokia ya Wakatoliki, iko juu zaidi, baridi yake inauma. Hakuna anayenijua. Nimeshakata majani mapya.

Mchana nimempigia katekista wao kuomba kulaza gari uwanjani Jumamosi, nikamweleza kwamba litakuwa limejaa mboga. Nikamsikia anapenga kamasi. Akasema Mungu anibariki, mimi na uzao wangu, na kwamba nimechagua Jumapili nzuri sana.

Nimefurahi. Hata Wakatoliki wanajali mazingira.